Nyundo, Nyenje na Kichwa cha Mbao: uchambuzi wa kisa cha Pinocchio kwa nadharia ya Freud

Wanafunzi wanaoanza uhakiki wa kisaikolojia wana zoezi wanalolipenda kuliko mengine yote: wanachukua hadithi ya watoto na kuwagawia wahusika vyeo vitatu vya nadharia ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi. Mtukutu anakuwa idi, yaani tamaa; mwenye busara anakuwa supaego, yaani dhamiri; na aliyebaki katikati anaitwa ego, yaani nafsi inayopima. Nimesahihisha insha nyingi za namna hiyo, na nyingi zimeandikwa kwa bidii ya kweli. Shida yake ni moja. Mhusika akishapewa cheo, hakuna tena cha kuuliza. Hadithi inafungwa wakati ndiyo kwanza imeanza kusema.

Hapa nachukua tukio moja la dakika chache, katika sura ya 4 ya hadithi ya Pinocchio, nalisoma polepole, kisha nalifuata linakokwenda. Naamini tukio hilo linaonesha jambo ambalo ugawaji wa vyeo unalificha: supaego haiingii katika hadithi hii ikitembea kwa miguu yake. Inazaliwa. Na inazaliwa siku mwenye kuonya anapouawa.

Tukio lenyewe

Geppetto, seremala maskini, amemchonga karagosi kutoka kwenye kipande cha mti kinachosema. Hata kabla hajamaliza, karagosi ameshamcheka, amemtolea ulimi, amemvua wigi kichwani na kumpiga teke la pua. Akifundishwa kutembea, anachomoka mbio mpaka barabarani. Askari anamkamata kwa pua, lakini watu waliokusanyika wanaanza kumhurumia karagosi na kumsema mzee kuwa ni mkatili, na mwisho anayepelekwa jela ni Geppetto. Pinocchio anarudi nyumbani peke yake, anatia komeo mlangoni, anaketi sakafuni na kushusha pumzi ndefu ya raha.

Hapo anasikia: kri-kri-kri. Ni nyenje mkubwa, anapanda ukutani taratibu. Anajitambulisha kuwa ni Nyenje Msemaji, na kwamba ameishi katika chumba hicho kwa zaidi ya miaka 100. Pinocchio anamjibu kwamba leo chumba ni chake, atoke bila kugeuka nyuma. Nyenje anakubali kutoka, ila kwanza amwambie ukweli mmoja: ole wao watoto wanaowaasi wazazi na kuihama nyumba ya baba.

Karagosi anasema yeye kesho alfajiri anaondoka, kwa kuwa akibaki atapelekwa shule kama watoto wengine, naye raha yake ni kufukuza vipepeo na kupanda miti kuchukua makinda ya ndege. Nyenje anamwambia kwamba akienda hivyo atakuja kuwa punda. Basi kama shule hataki, ajifunze walau kazi ya mikono. Pinocchio anajibu kwamba katika kazi zote za dunia ipo moja tu inayomfaa: kula, kunywa, kulala, kujifurahisha na kuzurura tangu asubuhi hadi jioni. Nyenje anamwonya kuwa wenye kazi hiyo huishia hospitali au gerezani. Karagosi anaanza kupandisha hasira. Nyenje anasema anamhurumia. Kwa nini? Kwa sababu wewe ni karagosi, na lililo baya zaidi, una kichwa cha mbao.

Maneno hayo ndiyo yanayomwinua. Anakurupuka, ananyakua nyundo ya mbao juu ya meza ya useremala na kuirusha. Msimulizi anaongeza kwamba huenda hata hakudhani itampata. Ikampata kichwani. Nyenje alibaki na pumzi ya kutoa kri-kri-kri moja, kisha akakauka palepale, amegandamana na ukuta.

Vyeo vinavyogawiwa haraka

Soma tukio hilo mbele ya darasa na majibu yatatoka kabla hujafunga kitabu. Pinocchio ni idi, maana anataka kula, kunywa na kulala. Nyenje ni supaego, maana anaonya. Ego ni nani? Hapo kunakuwa na kimya, kisha mmoja anapendekeza Geppetto, na wenzake wanakubali kwa kuwa lazima apatikane mtu. Filamu ya Walt Disney ya 1940 imeyaimarisha majibu haya, kwa sababu ndani yake nyenje anapewa rasmi kazi ya kuwa dhamiri ya karagosi na hakuna anayemuua. Katika maandishi ya mtunzi wa hadithi, Carlo Collodi, yaliyoanza kutoka kwa mfululizo katika gazeti la watoto la Italia mwezi Julai 1881 na kuwa kitabu mwaka 1883, mambo ni makali zaidi, na ndiyo maana nayategemea hayo.

Tuseme kwanza Freud alisema nini. Mgawanyo wa sehemu tatu aliueleza katika kitabu chake cha 1923, akiwa na umri wa miaka 66. Hakuandika idi, ego na supaego. Maneno hayo yametufikia kupitia tafsiri ya Kiingereza iliyokopa kutoka Kilatini. Kwa Kijerumani chake alitumia maneno ya kila siku: Es, yaani ‘hicho’, Ich, yaani ‘mimi’, na Über-Ich, yaani ‘mimi wa juu’. Nayatumia majina yaliyozoeleka, lakini maana za Kijerumani zinasaidia. ‘Hicho’ ni kile kilichomo ndani yangu ambacho sikioni kuwa ni mimi: tamaa, njaa, hasira, vyote vikidai kutoshelezwa sasa hivi. ‘Mimi’ ni sehemu inayoshughulika na dunia jinsi ilivyo, inayopima, inayosubiri. ‘Mimi wa juu’ ni sauti ya wazazi na walezi iliyokwisha kuhamia ndani na kuketi juu yangu kama hakimu.

Kiini kiko katika hilo neno ‘ndani’. Sehemu zote tatu ni za mtu mmoja. Freud hakuchora mchezo wa kuigiza wenye waigizaji watatu. Alichora ugomvi ndani ya nafsi moja. Kwa hiyo tukiwagawia watu watatu sehemu hizo, tunapaswa kuthibitisha kwamba hadithi yenyewe inawataka wawe mtu mmoja. Wakati mwingine inataka. Katika sura ya 4 haitaki.

Karagosi si idi tupu

Hoja ya Pinocchio kuwa idi ina uzito, na siifuti. Hatua za mwanzo kabisa za maisha yake ni mwili unaodai. Pua inaanza kurefuka mikononi mwa fundi anapoichonga. Geppetto anaikata, nayo inazidi. Hakuna uongo wowote uliokwisha kusemwa. Mdomo haujakamilika na tayari unacheka.

Picha ninayoiona kuwa ya Kifreud kuliko zote imo katika sura ya 5. Njaa imemshika. Anaona moto jikoni na chungu kinachotokota, anakimbilia kufunua kifuniko, mkono unagonga ukuta. Moto na chungu vimechorwa tu. Katika kitabu chake cha ndoto, kilichotoka mwishoni mwa 1899 ingawa kwenye jalada kiliwekwa mwaka 1900, Freud alieleza kwamba mtoto mchanga mwenye njaa hujaribu kwanza kujishibisha kwa picha: anaiona akilini shibe aliyoipata zamani kana kwamba ipo mbele yake, na ni baada ya picha hiyo kushindwa kumshibisha ndipo analazimika kujifunza dunia ikoje. Chungu cha ukutani ni somo hilo hilo, limechorwa kwa rangi. Na angalia kinachotokea pua ikikosa chakula: inarefuka kwa vidole vinne hivi. Pua ya Pinocchio ilikuwa kipimo cha tamaa muda mrefu kabla haijawa kipimo cha uongo. Uongo unakuja sura ya 17, anapomdanganya Kichimbakazi, mwanamke wa miujiza anayemtunza, kuhusu sarafu nne za dhahabu alizozificha mfukoni.

Lakini rudi kwenye majibizano ya sura ya 4 usikilize neno moja: kesho. “Kesho alfajiri naondoka.” Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1933, Freud alisema kwamba ndani ya idi hakuna kitu kinachofanana na wazo la wakati, wala hakuna wema na ubaya, wala hoja inayopingana na hoja. Pinocchio ana kesho. Ana hoja, tena anaipanga: nikibaki nitapelekwa shule, shule siipendi, kwa hiyo naondoka. Ameshatabiri matokeo na kutafuta njia ya kuyakwepa. Hiyo ni kazi ya ego. Ni ego changa, dhaifu, iliyojiajiri kwa tamaa, ila ni ego.

Freud alikuwa na mfano wake wa mpanda farasi, nao uko katika kitabu kile cha 1923. Ego ni mpandaji na idi ni farasi. Lakini mara nyingi mpandaji asiyetaka kutengana na farasi wake hulazimika kumwelekeza kule farasi anakotaka kwenda. Sura ya 9 ni mfano huo neno kwa neno. Geppetto ameuza koti lake wakati wa baridi ili amnunulie Pinocchio kitabu cha kujifunzia kusoma. Njiani karagosi anapanga mipango mizuri: leo atajifunza kusoma, kesho kuandika, keshokutwa hesabu, kisha atapata fedha na kumnunulia baba koti la dhahabu na fedha lenye vifungo vya almasi. Anaisema kwa moyo wa kweli. Mara anasikia filimbi na ngoma. Anasimama. Kisha anaamua kwamba leo ataenda kwenye filimbi, na shule kesho, maana kwenda shule nafasi ipo siku zote. Kitabu kinauzwa kwa soldi 4, sarafu ndogo za Italia, ili apate kiingilio cha maonesho ya vikaragosi.

Idi ingekimbilia filimbi bila kusema lolote. Anayesema “shule nafasi ipo siku zote” ni mpandaji anayempa farasi ruhusa ambayo farasi hakuiomba.

Nyenje si supaego, bado

Sasa nyundo. Supaego haiwezi kupigwa nyundo. Sentensi hiyo ninaiandika pembeni mwa insha za wanafunzi mara kwa mara, na ndiyo iliyonifanya niandike uchambuzi huu.

Katika kitabu chake cha 1930 kuhusu ustaarabu na uchungu wake, Freud alitenganisha hatua mbili. Katika ya kwanza mtoto anaogopa mamlaka ya nje. Anaacha kufanya baya kwa sababu ataonekana, atanyimwa upendo, ataadhibiwa. Mlezi akigeuza kisogo, kosa linafanyika bila wasiwasi. Katika ya pili mamlaka imeingia ndani, na hapo kujificha hakusaidii, kwa sababu hata wazo baya linaonekana na hakimu aliye ndani. Freud akasisitiza kwamba ni katika hatua hii ya pili tu ndipo tunapoweza kusema kwa haki juu ya dhamiri na hisia ya hatia.

Nyenje wa sura ya 4 yuko ukutani. Ni mkazi wa zamani wa nyumba, mwenye miaka 100 ya kuona watoto wakiharibikiwa, na anasema ya kweli. Lakini Pinocchio hajisikii kuwa na hatia hata chembe. Anasikia kelele. Mwenye mamlaka wa nje anaweza kufukuzwa chumbani, anaweza kubishiwa, anaweza kurushiwa kitu. Haya yote yanatendeka.

Na tuitazame vizuri sababu ya nyundo kurushwa. Nyenje alimtisha kwa hospitali, kwa gereza, kwa kuwa punda. Karagosi alijibu kila tisho. Kilichomwinua ni huruma na tusi: una kichwa cha mbao. Hapo hakuambiwa kwamba ametenda vibaya. Aliambiwa alivyo. Mtoto anaweza kubishana na amri siku nzima, lakini akiguswa ule upendo alio nao juu ya nafsi yake mwenyewe, ambao Freud aliuandikia makala mwaka 1914, anajibu kwa mkono. Nimeona walimu wengi, nami nimo, wakishangaa kwamba mtoto aliyestahimili karipio refu amelipuka kwa neno moja la kumdharau. Collodi hakushangaa. Aliliweka neno hilo mwisho kabisa, likifuatwa na nyundo.

Aliyekufa anaanza kusema

Jioni hiyo hiyo njaa inakuja, chungu kinakuwa picha, yai analolipata jalalani linapasuka na kutoa kifaranga kinachoshukuru kwa adabu na kuruka dirishani. Pinocchio analia. Na katikati ya kilio anasema: Nyenje Msemaji alisema kweli. Nilikosea kumwasi baba na kutoroka nyumbani. Kama baba angekuwa hapa, nisingekuwa nakufa kwa miayo.

Hakuna aliyemlazimisha kusema hayo. Chumba ni kitupu, mlinzi amekauka ukutani, baba yuko jela. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mafupi onyo linatoka kinywani mwake mwenyewe. Katika kitabu chake kuhusu totemu na mwiko, kilichokamilika mwaka 1913, Freud alisimulia wana waliomuua baba aliyewatawala, kisha wakajikuta wanatii kwa hiari yale aliyokuwa akiwalazimisha. Akaandika kwamba baba mfu aligeuka kuwa na nguvu kuliko alivyokuwa akiwa hai. Kama historia ya binadamu wa kale, simulizi hiyo ina matatizo mengi. Kama maelezo ya kile kinachotokea kati ya sura ya 4 na ya 5 ya hadithi hii, sijapata yanayoyazidi.

Kuanzia hapo Nyenje ana makao mapya. Katika sura ya 13, usiku wa giza, Pinocchio anapofuata ndoto ya shamba la miujiza, ambako ameambiwa fedha ikipandwa huota na kuzaa, anaona kwenye shina la mti mdudu mdogo aking'aa kwa mwanga hafifu kama taa ya usiku. Ni kivuli cha Nyenje. Kinamwambia arudi, ampelekee baba yake zile sarafu nne zilizobaki. Karagosi anajibu kila onyo kwa maneno yale yale: nataka kuendelea mbele. Kivuli kinamtakia heri na kuzimika kama taa iliyopulizwa. Safari hii hakuna nyundo. Hakuna wa kumpiga. Sauti inasikika, inaeleweka, na inashindwa na tamaa. Na msomaji yeyote aliyewahi kufanya jambo huku akijua kabisa kwamba ni baya anaifahamu hali hiyo.

Sura ya 16 inakwenda mbali zaidi. Pinocchio amelala kitandani kwa Kichimbakazi mwenye nywele za buluu, haijulikani kama yu hai au amekufa. Madaktari watatu wanaitwa: Kunguru, Bundi na Nyenje. Wawili wa kwanza wanabishana juu ya uhai na umauti kwa maneno yasiyosema kitu. Nyenje ananyamaza, kisha anasema kwamba karagosi huyu anamjua, ni mhuni, ni mtoto mkaidi atakayemuua baba yake kwa majonzi. Na hapo kilio cha kwikwi kinasikika chini ya mashuka. Huo ndio uchunguzi wa kitabibu ulio sahihi: mgonjwa anaonesha kuwa hai kwa kuumia kwa hatia. Siku chache nyuma, maneno kama hayo yalizaa nyundo. Sasa yanazaa machozi yanayofichwa kwa shuka.

Hii ndiyo supaego. Haikuwepo tangu mwanzo ikimsubiri karagosi ukutani. Imejengwa ndani yake, kwa kuua, kwa njaa, kwa kukosa.

Kichimbakazi na jiwe la kaburi

Juu ya Geppetto nina machache ya kusema. Ni baba anayetoa: mapeasi matatu yaliyokuwa chakula chake mwenyewe, miguu mipya baada ya ile ya kwanza kuungua kwenye jiko la makaa, koti lake. Anayemlaza katika kiti cha ego anasahau kwamba muda mwingi wa hadithi hayupo kabisa. Kutokuwepo kwake ndiko kunakofanya kazi. “Baba yangu, kama ungekuwa hapa” ni maneno ambayo Pinocchio anayarudia mpaka kwenye mti wa kunyongewa.

Kichimbakazi ni mzito zaidi. Anaanza kama dada, baadaye anakuwa mama. Ni mpole, anasamehe, anatoa sukari hata kabla ya dawa chungu. Lakini katika sura ya 23 karagosi anafika ilipokuwa nyumba yake na kukuta jiwe dogo la kaburi lenye maandishi: hapa amelala msichana mwenye nywele za buluu, aliyekufa kwa uchungu wa kuachwa na ndugu yake mdogo Pinocchio. Karagosi analilia jiwe hilo usiku kucha, akiomba afe yeye badala yake. Baadaye tunajua Kichimbakazi yu hai.

Najua wasomaji wanaomtetea, na wana haki ya kumpenda. Hata hivyo sioni namna ya kuliita jiwe lile upole. Freud alirudia mara nyingi kwamba supaego inaweza kuwa katili kuliko wazazi wenyewe, hata pale malezi yalipokuwa laini, kwa sababu inabeba pia ukali wa mtoto mwenyewe uliogeuzwa kumshambulia. Karagosi aliyerusha nyundo sasa anajaribu kujing'oa nywele juu ya kaburi tupu. Nguvu ni ile ile, imebadili mwelekeo. Mzazi anayemwambia mtoto “utaniua kwa presha” anachonga jiwe la aina hiyo, na mtoto hulisoma kwa miaka mingi.

Ego inatoka wapi

Mfululizo wa kwanza wa hadithi ulikoma Oktoba 1881, kwenye sura ya 15: wauaji wamemnyonga Pinocchio kwenye mwaloni mkubwa, anatapatapa, anamwita baba, anakakamaa. Huo ndio ulikuwa mwisho. Wasomaji walitaka zaidi, na Februari 1882 mwandishi akaendelea. Kwa uchambuzi wetu jambo hili si dogo. Hadithi ya sura 15 ina tamaa na ina adhabu, basi. Tamaa inashinda, adhabu inaua. Sura 21 zilizoongezwa ndizo zinazotafuta kitu cha tatu.

Kinapatikana mwishoni, katika sura ya 36, na hakipatikani kwa mhusika mpya. Pinocchio amemtoa Geppetto tumboni mwa Papa mkubwa na kumbeba mgongoni baharini. Mzee ni mgonjwa, anahitaji glasi ya maziwa. Mkulima mmoja anasema maziwa yapo, ila lazima ndoo 100 za maji zitekwe kwa kuzungusha gurudumu. Karagosi anauliza gurudumu liko wapi. Anazungusha. Kabla ya ndoo ya 100 ametota jasho kutoka kichwani hadi miguuni, na anapewa glasi moja.

Hapa ndipo ninapoiona ego ikisimama kwa miguu yake. Ndoo 100 kwa glasi moja ni hesabu ya dunia halisi, ile dunia isiyochorwa ukutani. Hakuna anayemhubiria wakati huo. Hakuna kivuli kinachong'aa. Anaifanya kesho yake, na keshokutwa, kwa zaidi ya miezi mitano, akiamka kabla ya alfajiri, akijifunza kusuka vikapu, akijifundisha kusoma na kuandika usiku. Neno ‘kesho’ alilolitumia mwanzoni kukwepa shule sasa linabeba mzigo.

Wakutanapo tena, Nyenje yuko kwenye boriti, juu ya dari ya kibanda kidogo. Karagosi anamwita “Nyenje wangu mpenzi”. Nyenje anamkumbusha nyundo. Pinocchio hajitetei, wala hajilizi. Anasema: una haki, nifukuze nami, nirushie nyundo nami, lakini mhurumie baba yangu. Kwa macho yangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika hadithi. Kinakiri kosa la jana na wakati huo huo kinaomba kinachohitajika leo. Freud, katika mihadhara ile ya 1933, aliihurumia ego kama mtumishi wa mabwana watatu, dunia ya nje, supaego na idi, wote wakidai kwa pamoja. Katika jibu hilo fupi mtumishi anasema na mabwana wake bila kumpiga yeyote.

Pale ninaposita

Collodi alifariki mwaka 1890, kabla Freud hajachapisha kitabu cha ndoto. Mwaka 1881 hadithi ilipoanza, Freud alikuwa kijana wa miaka 25 aliyetoka kupata shahada ya udaktari Vienna. Kwa hiyo hakuna aliyemwandikia mwenzake. Karagosi naye hana utoto uliofichika nje ya kurasa. Sina ruhusa ya kumzulia. Ndiyo maana nimejibana kwenye yale yanayoweza kuoneshwa kwa kidole: ukuta, chungu, nyundo, shuka, ndoo.

Na kuna mahali ambapo hadithi na nadharia zinaachana. Freud alisema, katika mihadhara hiyo hiyo, kwamba pale ilipokuwa idi, hapo ego inapaswa kuwa, akaifananisha kazi hiyo na kukausha bahari ili kupata ardhi. Hakusema bahari itakwisha. Collodi anamfanya Pinocchio aamke mtoto wa kweli, mwenye nyama na damu, na karagosi abaki kitu kingine, nje yake. Hapo mwanafunzi anafurahi: idi imeshindwa, imetupwa. Mimi nasoma tena mistari ya mwisho na sina hakika kwamba mwandishi mwenyewe aliamini hivyo.

Kwani mtoto, akiwa katika furaha yake yote, anauliza: na yule Pinocchio wa zamani, wa mbao, amejificha wapi? Anasema amejificha. Geppetto anamjibu, yule pale, na kumwonesha karagosi mkubwa aliyeegemezwa kwenye kiti, kichwa kimelalia upande, mikono inaning'inia, miguu imepishana na kukunjika katikati. Mtoto anasimama kumtazama.